Muoni Kwenye Chupa ya Sukari

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mwalimu wa fizikia kasema Ijumaa kila mmoja asimame mbele aeleze chembe yake. Nimepangiwa muoni, chembe ndogo kuliko atomu. Darasani naitwa Bubu, tangu siku niliyojitambulisha nikakwama katikati ya jina langu mwenyewe. Nikikwama tena, mbele ya yule msichana wa dawati la dirishani, jina la Bubu nitazikwa nalo.

Jumanne, 4 Machi
Nimempenda muoni! Anazaliwa juu angani, anapita kwenye bati, dari na vichwa vyetu bila hodi. Umri wake haufiki kufumba jicho, ila anawahi kufika chini. Na jina wanasayansi walimkosea. Walimwita mu-mesoni, wakidhani ni wa ukoo wa mesoni, chembe nyingine. Walipogundua hawana undugu, wakamvua jina la ukoo, akabaki muoni. Kumbe jina linavulika! Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Nimejirekodi maelezo kwenye simu, chooni, sauti inavuma kama ya waziri. Itakaa mfukoni, mimi nichezeshe midomo tu. Na nitawaonyesha njia anayopita: chupa ya sukari ya mama, spiriti, kitambaa cheusi, tochi, barafu kavu, ile inayofuka moshi, chini yake. Mvuke wa spiriti ukipoa unakuwa ukungu, na muoni akikatiza anaacha mstari. Barafu ipo kwenye sanduku la Shangazi la kuuzia aiskrimu. Nitachukua kidogo. Binamu yangu Redio, tunayesoma naye, mdomo usio na breki, kaniambia nishike chaki tu, aongee yeye. Ngoja!

Ijumaa, 7 Machi
Nilichukua kidogo. Kisha kidogo kingine. Chupa ikajaa ukungu. Mfuko ukahutubia, midomo ikacheza, Redio kimya kabisa. Raha! Mara simu ikaita. Nikaibonyeza inyamaze. Kumbe nimeipokea! Tena kwa sauti ya juu. Shangazi: "We mtoto! Aiskrimu yangu imekuwa uji! Barafu iko wapi?" Darasa likavunjika mbavu. Nilitamani nipite sakafuni.

Hapo ndani ya ukungu ukakatiza mstari mweupe, mwembamba, umenyooka. "Huyoo! Kapita huyo!" Nani kapiga kelele? Mimi! Mwalimu akasema ulivyonyooka vile, huenda ni yeye kweli. Wakajazana mezani. Nilieleza mpaka kengele. Msichana wa dirishani akauliza kama muoni anapita hata ndani yetu, sasa hivi. Nikajibu. Sentensi nzima!

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi kanigombeza hadi masikio yakawasha. Adhabu: nimsaidie kuuza mwezi mzima. Haidhuru, wenzangu wananiita Muoni! Bubu kavulika. Msichana wa dirishani kaja kununua aiskrimu, kaomba kuona tena Jumatatu. Nimekubali palepale.

Shangazi kalitia sanduku kufuli. Muoni hajawahi kusumbuliwa na kufuli.