Ombi la Kuzuia Maoni Juu ya Silinda Hedi Mpaka Binti Yangu Aolewe

Bi. Bernadine Wojtowicz,
Hazel Park, Michigan.
Agosti 12

Kwa Mhariri,
Jarida la Moshi wa Jumamosi,
Klabu ya Magari ya Misuli, Upande wa Mashariki.

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, na kwamba goti la mkeo Gladys linaendelea vizuri. Sisi hapa nyumbani ni wazima wote isipokuwa injini.

Unalijua gari letu, GTO ya mwaka 1967, lile la kijani. Unajua pia kwamba mume wangu Len aliifungua injini yake mwaka juzi, theluji ilipoyeyuka, ili abadilishe silinda hedi. Alitaka kuvitoa vile vipande viwili vya chuma vinavyokaa juu ya injini, vizito kupita kiasi, aweke vya alumini. Kazi yenyewe, kwa kauli yake, ni ya wikiendi mbili. Sina ugomvi na kazi. Ugomvi wangu ni na kuchagua, maana hedi za alumini ziko za kila namna, na Len bado anachagua. Naandika kwa heshima zote kulalamika, na nimeweka namba ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa.

1. Jarida lako. Mwezi wa Machi mliandika kwamba hedi za kununua ni zile zenye matundu ya moshi ya umbo la herufi D, kwa kuwa ndivyo zilivyokuwa za kiwandani, na ekzosi ya zamani inafunga bila matata. Len akafurahi, akavaa shati safi, akaniambia, "Mama Renata, nimeamua." Nikaoka keki. Aprili mkaandika kwamba matundu ya duara ndiyo yenyewe, tena kwa picha ileile ya Machi mliyoigeuza ubavu. Nusu ya keki ilikuwa bado iko kwenye friza. Mei mkampa Ndugu Dale Hruska kurasa nne nzima ili amalize ubishi, naye akahitimisha kwa neno moja: inategemea.

Ndugu Mhariri, inategemea nini? Nilimuuliza Len. Akasema inategemea kamshafti, chuma kinachofungua vali. Na kamshafti inategemea nini? Inategemea gia za ekseli ya nyuma. Na gia za nyuma? "Ah, hizo zinategemea unataka kwenda wapi." Nikamwambia tunataka kwenda kanisani.

2. Wanachama wako. Nawataja wawili tu, kwa kuwa ndio wanaokunywa kahawa yangu. Ndugu Dale Hruska, uliyempa zile kurasa nne, ni mtu wa D, haidhuru aliandika nini. Ndugu Orville Tackett, aliyesimama na Len siku ya ndoa yetu, ni mtu wa duara. Dale huja asubuhi na donati. "Len, kaka, usibabaishwe. Orville tangu lini akamaliza injini? Ana hayo maduara yake, na gari lake liko chini ya turubai tangu mwanawe yuko chekechea. Leo huyo mwana ni daktari wa meno!" Mchana anaingia Orville, anazimaliza donati za Dale, kisha anaanza: "Dale anaendesha kama mtu aliyepakata mayai. Mtu wa hivyo ndiye akushauri matundu? Shemeji, hebu mwambie mumeo." Kila mmoja akiondoka, Len amekwishaamua. Kila mmoja akiingia, Len anaanza upya.

Pale kwa Mgiriki tunapokula soseji za pilipili Jumamosi, mhudumu wetu Thelma amewatenganisha, mmoja dirishani na mwingine karibu na choo. Haya ni mambo ya aibu kwa watu wenye vitukuu.

3. Nyumba yangu. Hedi za zamani za chuma zimelala kwenye kitanda cha Renata, zimefunikwa blanketi zisipate kutu. Dale alimwazima Len hedi moja ya D aitazame. Orville alivyosikia, akaleta ya duara, kubwa zaidi. Zote mbili Len aliziosha kwenye mashine yangu ya kuoshea vyombo, na mpaka leo vikombe vyetu vina harufu ya gereji. Zikawekwa kwenye meza ya chakula. Pasaka tumekula tukiwa tumezizunguka, na wifi yangu Jadwiga, ambaye macho yamemchoka, aliisogezea moja bakuli la figili akaiambia ijisikie nyumbani.

Siku hiyohiyo, wageni wakiwa bado mezani, Len aliona heri apime ukubwa wa chumba cha kuchomea mafuta. Hupimwa kwa kujaza maji ya rangi, kwa sirinji. Maji ya rangi hakuwa nayo. Supu yangu ya bitiruti ilikuwapo. Nilikasirika, nakiri, na nilikasirika zaidi alipoisoma sirinji vibaya. Ilibidi nimnyang'anye nipime mwenyewe.

4. Afya. Daktari alimuuliza Len kama anapata shida kupumua. Len akamjibu kwamba shida ipo upande wa kutolea moshi. Akaandikiwa kipimo cha mapafu.

5. Renata. Hapa naomba uvue miwani, uifute, usome vizuri, kwa sababu hili ndilo linaloniuma.

Binti yetu Renata ana miaka hamsini na mmoja na anaolewa. Sikutegemea. Nilishaacha kumwombea mume, nikawa namwombea apate mbwa mzuri. Kisha akatokea Curtis, anayeuza bima, mtu mpole anayekausha vyombo bila kuambiwa, na ambaye hajawahi kutoa maoni yoyote juu ya injini yoyote. Nilimpenda papo hapo.

Renata aliletwa nyumbani kutoka hospitali ndani ya GTO hiyo. Alizaliwa Juni, na nashukuru, maana angezaliwa Januari Len angemleta kwa basi. Sasa anasema, "Mama, nyumba hii niliingia na GTO na nitatoka na GTO. Ikiwa haijawaka, Curtis atangoja. Kwani ana haraka ya kwenda wapi?" Nimembembeleza. Nimemwonyesha picha za limuzini, akacheka mpaka akapaliwa.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya Septemba. Ukumbi wa maveterani tumeupata siku hiyo tu. Oktoba yote umeshikwa na watu wa bingo. Baada ya hapo, unajua mwenyewe, malori ya mji yanaanza kumwaga chumvi barabarani, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayelitoa gari kama lile kwenye chumvi. Litalala hadi masika. Mimi nina miaka sabini na minne. Nataka kumwona mwanangu akishuka mbele ya kanisa, baba yake kwenye usukani, mtaa mzima ukiwa umelisikia gari kabla ya kuliona. Nalitaka jambo hilo mno.

6. Mimi mwenyewe. Nililelewa kuwa mwanamke wa kawaida. Sasa nimelazimishwa kujua mambo. Nikiwa kwenye kwaya, wenzangu wakifungua midomo, mimi nawaza kwamba alumini hutoa joto upesi kuliko chuma, kwa hiyo mgandamizo unaweza kupandishwa na injini isigonge. Sikuomba kulijua hilo. Najua pia kwamba plagi za hedi hizi hazifunguliwi injini ikiwa ya moto, utang'oa nyuzi za skrubu. Nilimweleza hivyo mama mmoja kwenye foleni ya mikate. Alikuwa ameniuliza saa.

Sijali umbo la tundu. Nataka ieleweke hivyo. Mtu yeyote mwenye macho anaona kwamba gari la barabarani, lenye kamshafti ya kiasi, halina haja na matundu makubwa, na kwamba Orville alipima hewa kwa namna ambayo hata mtoto angemcheka, lakini hayo ni ya Orville na mimi hayanihusu hata kidogo.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mhariri, naomba yafuatayo yatendeke mara moja.

Kwanza, jarida lisichapishe ulinganisho wowote wa silinda hedi mpaka binti yangu awe ameolewa. Jazeni kurasa hizo kwa mapishi. Ninayo.

Neno "inategemea" lipigwe marufuku kwenye mikutano ya klabu, na atakayelitamka aoshe magari ya wenzake yote, pamoja na rimu.

Wanachama wote wakatazwe kuwa na maoni. Wanaweza kuzungumzia hali ya hewa. Nilifikiria kuwaruhusu matairi, lakini nimewaona wakizungumzia matairi.

Wakikaidi, naomba klabu imwandikie gavana ili itungwe sheria kwamba mzee wa zaidi ya miaka sabini ambaye injini yake imekaa wazi kupita msimu mmoja apangiwe silinda hedi na serikali, kwa bahati nasibu, hadharani, mbele ya padri wa dhehebu lake. Watekelezaji wa sheria hiyo wapewe mamlaka ya kuingia gereji. Na jeshi la akiba lizilinde donati.

Nadhani utakubali kwamba siombi makubwa. Len ni mtu mwema. Anapozitazama zile hedi mezani uso wake unang'aa kama wa kijana niliyemkubali, na huo ndio ugumu wangu, kwa sababu siwezi kumkaripia nikiutazama. Ndiyo maana nakukaripia wewe.

Msalimie Gladys na goti lake. Msalimie Dale, na kando msalimie Orville. Msalimie Thelma ukimwona, mwambie namwombea. Watoto wako na wajukuu, jirani yako mwenye yule paka, na wanachama wote wenye injini zilizofungwa, wape salamu zangu.

Mimi mke wa mwanachama,
nisiye na maoni,

Bernadine Wojtowicz

N.B. Barua hii ilikaa siku kadhaa juu ya friji kwa kukosa stempu. Len akaisoma. Akalia, Ndugu Mhariri, akalia kweli, akanibusu mkono, akaenda akaagiza silinda hedi bila kumwuliza Dale wala Orville wala mtu yeyote. Zilifika juzi asubuhi. Alizibeba mwenyewe mpaka jikoni, akaniita, "Mama Renata, njoo uone, nimeamua! Tutawahi kanisani!" Nikalikata boksi kwa mkasi wangu wa nguo.

Duara. Tena zenye vyumba vikubwa!

Ekzosi yetu haifungi hapo hata ukiipiga nyundo, na kwa vyumba vile mgandamizo wote unakwenda na maji. Nilikimbia na ndara zangu nikamkuta dereva wa lori bado anapiga soga na jirani, nikamrudishia boksi. Len akanifuata akilia tena, kwa sababu nyingine. "Bernadine, na harusi?" Nikamwambia harusi ni ya siku moja, na hedi tutaishi nazo. Zile ninazozitaka, za D zenye vyumba vidogo, zimekwisha kila mahali mpaka Novemba. Nimepiga simu mwenyewe, hadi Ohio.

Renata alipotoka kazini alikaa na zile mbili za mezani, akamulika matundu kwa tochi kwa muda mrefu, akasema, "Mama uko sahihi." Sijawahi kujivunia mtoto namna ile. Tulikuwa tukila pierogi kwa furaha kubwa Curtis alipoweka uma chini, akajikohoza, akauliza kama si kweli kwamba ya duara yanapitisha moshi vizuri zaidi.

Barua yangu itupe. Badala yake naambatanisha makala niliyoiandika juu ya matundu ya D, kurasa kumi na moja, na michoro, na vipimo vya supu. Tafadhali itoke toleo lijalo, na usipunguze hata mstari. Dale na Orville waambie waje Jumamosi, wote wawili, waniulize wanalotaka.

Padri ameshajulishwa. Harusi ni Mei, na bwana harusi amepewa muda huo ajirekebishe.