Mashavu ya Prezida

Jumatatu, 15 Septemba. Butembo.
Siku ya tisini na sita tangu dada yangu Hadjara anigawie uboho wa mifupa yake, kule India. Nywele: hakuna. Mikono: inatetemeka. Mdomo: kila chakula kina ladha ya msumari, hata tilapia ya Kyavinyonge. Lakini mashavu! Yamejaa, yanang'aa. Daktari anasema ni kazi ya vidonge vya kortizoni. Daktari anajua vidonge. Sisi wasafirishaji tunajua mtu aliyenona.

Idi, makamu wangu katika shirika la wenye malori, amekuja kunisalimia. Alikuja kukagua maiti, nina hakika. Uchaguzi ni Jumamosi na anakitaka kiti changu. Akasimama mlangoni, mita mbili, kama masharti yalivyo. Akanitazama. Pole aliyokuja nayo akaisahau. "Lakini prezida, weye unanenepa!" Nikajisikia mwanaume mzima.

Jumanne, 16 Septemba
Balaa! Daktari anataka vidonge vipungue, kutoka vinane hadi vinne. Eti vikizidi, mwili unakosa kinga na mikrobi inaingia bila kubisha hodi. Nikamuuliza, na mashavu je? Akasema yatapungua. Alisema kwa furaha! Siku nne kabla ya uchaguzi!

Nimeamua. Mbele ya mke wangu Masika nameza vinne. Chooni nameza vinne vingine. Kopo la akiba nimelificha ndani ya buti langu la safari. Nani atatafuta dawa kwenye buti?

Alhamisi, 18 Septemba
Mashavu yanashikilia. Madereva watatu waliotoka Kasugho wamenisalimia dirishani. Mmoja amesema nafanana na mbunge. Nimekula sahani tatu za bugali, zote msumari mtupu.

Mchana baridi ya homa ikanishika mgongoni. Hatari, kwa sababu Masika ana sheria: kipimajoto asubuhi na jioni, ikifika thelathini na nane ni hospitali, hakuna mjadala. Kabla hajaja nikabana chupa ya maji baridi kwapani. Thelathini na nne! Akashangaa. Nikamweleza kwamba sasa nina damu ya Hadjara, na Hadjara alizaliwa baridi. Mimi ni mtu wa akili.

Ijumaa, 19 Septemba
Hospitali. Nilianguka nikinawa mikono. Masika akakimbilia mabuti yangu anivalishe, kopo likamdondokea mguuni.

Hadjara amefika kutoka Beni kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimeandaa majibu ya matusi yake yote. Hakutukana. Alisimama nje ya dirisha, barakoa usoni, akaniuliza: "Issaka, ile moelle yangu ya mifupa nilikupatia, ulitaka kuiuwa juu ya mashavu?" Kisha akalia. Dada yangu, ambaye hakulia hata walipomtoboa nyonga kwa ajili yangu! Nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamwambia nimekosa, na nilimaanisha.

Muuguzi Nadège anasema ningechelewa siku moja zaidi, wangekuwa wanachimba.

Jumamosi, 20 Septemba
Homa inashuka, alhamdulillahi. Uchaguzi umeahirishwa kwa wiki mbili! Wanachama wamekataa kupiga kura prezida akiwa kitandani. Masika anasema aliyesimama kupendekeza hivyo ni Idi mwenyewe, na sauti ilimtetemeka. Ujanja mtupu. Ananiogopa.

Jumapili, 28 Septemba
Nyumbani. Vidonge vinne tu, naapa, na chooni naenda kwa haja zake. Nimebadilika kabisa. Hadjara amerudi Beni akiwa na amani, baada ya kunibusu kwa simu.

Tatizo ni moja. Mashavu yamenywea. Kesho Idi anakuja kunijulia hali, na uchaguzi ni Jumamosi hii.

Nimekata vipande viwili vya pamba, kimoja kila shavu, ndani. Nimejaribu mbele ya kioo. Sauti inatoka nzito kidogo, sauti ya prezida hasa. Vidonda vya mdomo vinauma, lakini nani ataviona?

Na pamba nimeichemsha kwanza, dakika ishirini. Mimi na mikrobi hatuna mchezo tena.