Jiwe la Pete ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Na ilianza vizuri! Nimekata lenzi sita kabla ya saa nne bila kuvunja hata moja. Mwenye duka la miwani akashangaa, akaniuliza kama naumwa. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Nikamkuta shemeji amekalia kiti changu.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Fundi redio, mtu wa kujua kila kitu. Amemnunulia mkewe pete ya almasi. Ina cheti! Alikuja nacho ndani ya plastiki, akatusomea mpaka mihuri. Halafu akakitazama kidole cha dada yake, akasema jiwe lake limefifia. Jumamosi waende wote kwa sonara, pete zikasafishwe na mawe yapimwe.

Mke wangu akasema sawa. Mimi chai ikanipalia.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Ile si almasi. Ni kioo. Nilikikata kwa mkono wangu miaka ishirini iliyopita, kutoka kwenye lenzi ya mteja ambaye hakurudi kuchukua miwani yake. Nikamwambia mke wangu ni almasi ya marehemu bibi. Alilia kwa furaha. Mama yake naye akalia. Ningesema nini tena?

Siku tano zimebaki.

Jumanne, 4 Juni

Mpango nimeupata! Nanunua almasi ya kweli, ukubwa uleule. Nang'oa kioo, naweka almasi. Sonara anapima, anasifu, shemeji anafunga mdomo. Akiba ipo, ile ya mashine mpya ya kusagia lenzi. Mashine itasubiri.

Mchana nikakimbilia kwa sonara. Ni mama wa makamo, miwani yake nimemkatia mimi, kwa hiyo ananiheshimu. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema marafiki wa namna hiyo anawajua.

Akaweka jiwe chini ya lenzi yake. Ndani nikaona kitu kama unyoya mweupe. Akasema huo ni ufa. Ukiwa mdogo na umejificha ndani hauna neno, ila ukifika ukingoni, jiwe linaweza kupasuka likigongwa. Jiwe la pili lilikuwa na ukungu kama maziwa. La tatu, nukta nyeusi katikati kabisa. Akanikataza kutazama kwa juu tu. Nitazame na ubavuni, juu ya karatasi nyeupe, mbali na taa za dukani, kwa sababu taa zile hupendezesha hata kipande cha chupa. Nilipumulie: mvuke ukiganda, nishuku. Na nidai cheti.

Alikuwa na moja la ukubwa ninaoutaka. Lina nukta ndogo pembeni, akasema itafichwa na kucha za pete, zile zinazoshika jiwe. Nikakataa. Mke wangu avae dosari? Thubutu!

Mwisho akasema jiwe lisilo na dosari hata moja ni adimu mno, na nikiuziwa kwa bei ya kutupa nikimbie.

Nimeandika yote. Hapo kwenye bei ya kutupa nimepigia mistari miwili. Kumbe yapo!

Jumatano, 5 Juni

Kuitoa pete kidoleni mwa mke wangu. Kazi! Nikamwambia sonara wa nini, nitaisafisha mwenyewe. Akaniuliza naisafishaje. Nikasema kwa dawa ya meno.

Akaruka kama amekanyaga moto! Akasema dawa ya meno inakwaruza dhahabu, na ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe inaila. Niloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, nisugue chini ya jiwe kwa mswaki laini wa mtoto, maana mafuta ya mikono hukaa huko ndiyo yanayolififisha. Tena kwenye bakuli, si kwenye sinki. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema kwenye gazeti, alipokuwa akisubiri daktari wa meno.

Nikaisafisha. Lahaula! Jiwe lilimeta mpaka nikageuza uso. Nilikuwa fundi kweli ujanani! Nikalitazama kwa lenzi, nikaona unyoya mdogo ndani. Bila shaka kosa la jiwe langu la kunolea. Nikalipumulia. Mvuke ukatoweka papo hapo. Basi kipimo hicho ni uongo mtupu, kama kinapitisha hata kioo. Nikalikwaruza kwenye lenzi ya zamani, lenzi ikachorwa mstari. Siku hizi wanatengeneza lenzi laini sana.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Siku tatu!

Alhamisi, 6 Juni

Nimempata muuzaji! Jirani yetu kazini, mshona viatu, ndiye aliyenielekeza. Bwana mmoja wa suti ya kijivu, amefikia nyumba ya wageni nyuma ya benki, anauza mawe mawili matatu kabla ya kusafiri. Hana duka. Akasema duka ndilo linalopandisha bei. Mtu mwenye akili.

Tulikaa mapokezi, yeye na chai yake, mimi na lenzi yangu. Nikalikagua jiwe robo saa nzima. Juu, chini, ubavuni, karatasi nyeupe. Unyoya hakuna. Ukungu hakuna. Nukta hakuna. Safi kama maji ya kuchemsha! Nikalipumulia, mvuke ukakaa mpaka nikahesabu kumi. Lakini kipimo hicho nimeshakithibitisha kuwa ni cha uongo. Cheti kimebaki kwa wakili wake, atanitumia kwa posta.

Kioo niliking'olea palepale, kwa koleo yangu ya miwani, ili nilinganishe ukubwa. Bwana Suti akaomba akitazame. Akatoa lenzi yake. Mkono ukaanza kumtetemeka. Nikamwonea huruma, huenda ni presha. Akaniuliza nitakifanyia nini kioo hiki. Nikasema nitakitupa. Akasema binti yake ana mwanasesere asiye na kito, atafurahi sana. Nikampa! Akanipunguzia bei bila hata kumwomba. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimelipachika jiwe. Kucha moja ya pete imepinda kidogo, haionekani ukiwa mbali.

Nikamvisha mke wangu asubuhi. Akakigeuza kidole huku na huku dirishani. Nikamwambia ni usafi tu. Akasema hajui, ila jiwe linamtazama kama mgeni.

Sikuweza kufanya kazi. Nimevunja lenzi nne. Mteja mmoja nimempa miwani ya mkewe, akaniambia leo mji mzima una ukungu.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike na hili.

Tulikwenda sote, sisi wawili na shemeji na mkewe. Jiwe la shemeji likapimwa kwanza. Almasi kweli, dogo, lina ukungu. Shemeji akashuka mabega. Nikamgusa bega kwa upole. Nilifurahi mno!

Sonara akaichukua pete yetu. Akaweka lenzi jichoni. Akaitoa, akaifuta, akaiweka tena. Akamtazama mke wangu.

“Mama, hili silo.”

“Silo vipi?”

“Silo nililokuuzia mimi. Hiki ni kioo.”

Mimi nikaruka. “Haiwezekani kiwe kioo! Kioo nimekitoa juzi!”

Shemeji akakirudisha cheti chake mfukoni polepole.

Mke wangu akavuta kiti, akaketi. Akasimulia taratibu, macho yake kwenye meza. Mwaka wa saba wa ndoa yetu alikuwa akisugua sufuria, jiwe likagonga ukingo likapasuka vipande vitatu. Akavileta kwa sonara huyuhuyu. Hapo ndipo alipojua kuwa ni kioo. Sonara akampa almasi kwa mkopo, naye akashona sare za shule miaka miwili kuilipa, mimi nikidhani anashona kwa kupenda. Alichagua yenye unyoya mdogo ndani, kwa kuwa ndiyo aliyoimudu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Ulikuwa unaitazama ile pete kwa fahari, mume wangu. Ningekwambia ningekuvunja wewe.” Akainua macho. “Sasa liko wapi?”

Nikasema kwa mwanasesere.

“Mwanasesere yupi?”

Tulikimbia wote wanne mpaka nyumba ya wageni. Dada wa mapokezi akasema Bwana Suti aliondoka juzi ileile, hata chai hakumaliza. Tukaenda polisi. Nikalieleza jiwe: unyoya ulipo, ulivyolala, unavyoonekana kwa ubavuni. Askari akaniuliza kama mimi ni mtaalamu wa almasi. Mke wangu akatoka nje.

Jumapili, 9 Juni

Hakugomba. Bora angegomba! Asubuhi aliweka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akaisugua pete yenye kile kioo cha Bwana Suti, akaifuta, akaivaa. Nikamwambia kioo hakihitaji yote hayo. Akasema miaka saba alivaa kioo akidhani ni almasi, na alikuwa na raha. Sasa atavaa kioo akijua ni kioo, ila kichafu hatavaa.

Nikalia. Kweli nililia, hata shati likalowa. Nikamwomba radhi kwa uongo wa bibi, kwa miaka ishirini, kwa zile sare alizozishona. Halafu akasema anataka kitu kimoja tu: nisinunue tena chochote kwa siri. Tushauriane kwanza. Nikaapa. Akaniwekea chai. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Saa kumi nikatoka kunyoosha miguu.

Kinyozi ana mgeni. Baharia mstaafu, mtu mpole, anauza lulu moja kubwa ya kilindini. Duara kamili! Hana haja ya faida, anataka tu ifike kwenye mikono mizuri, na anaondoka kesho asubuhi. Kushauriana kuna wakati wake, lakini zawadi ya kumtuliza mke huwezi kumuuliza mwenyewe. Itakuwa si zawadi.

Nasikia lulu hupimwa kwa kuisugua menoni. Meno ninayo.