Shemizi ya Pampu

Jumatatu, 9 Juni
Ufunguo wa pampu uko mufukoni mwangu! Maman Consolate, anayesimamia kazi ya kutoboa kisima hapa kwetu Kadutu, amenikabidhi pampu ya kusukuma matope. Ikikufa tena, anasema, watoboaji watarudi kwao na wamama wataendelea kupandisha mabido ya maji mulimani. Nimemuambia atulie: mimi nilikuwa Moanda, kwenye visima vya petroli. Pampu kubwa kama kanisa! Ah, Moanda. Upepo wa bahari, samaki ya kuchoma. Chef wetu, muzee Barthélemy, alikuwa anapiga kelele kila asubuhi: mukitaka pampu isichakae, mubadilishe shemizi mapema! Nilitii. Asubuhi navaa shemizi nyeupe ya kola, muchana ya bluu. Pampu haikukohoa hata siku moja.

Jumanne, 10 Juni
Gracien, fundi mwenye diplome na ndevu chache, amekuja kunifundisha. Eti muchanga ndani ya matope ndio unakula pampu, tuyachuje. Muchanga! Moanda yote ni muchanga, tulikuwa tunacheza rumba juu yake. Kisha akasema shemizi imechakaa, ibadilishwe. Enfin, hapo sasa! Mutu amesoma. Hiyo, nikamuambia, uniachie mimi.

Jumatano, 11 Juni
Nimefika nikimetameta, shemizi mupya ya maua. Gracien akauliza shemizi iko wapi. Nikamuonyesha kifua. Akacheka mpaka akakaa kwenye matope. Kumbe shemizi ya pampu ni bomba la chuma, pistoni inapita ndani yake! Sasa mbona Barthélemy hakufafanua? Maman Consolate hakucheka. Alinyoosha mukono tu, kwa heshima ya mujomba: tonton, ufunguo. Nimepanda nyumbani nikiwaza Moanda. Kule hakuna aliyeninyang'anya kitu. Hata ufagio wangu ulikuwa na jina langu.

Ijumaa, 13 Juni
Gracien ametia bomba mupya, anachuja matope kama mama anayechuja pombe ya kasiksi. Pampu inanguruma. Sauti ni ileile ya Moanda! Nilisimama barabarani nikisikiliza, macho yakaniwasha. Vumbi, bila shaka. Maman Consolate akaniona, akanihurumia. Motere ya pampu haiwaki vizuri asubuhi, anasema, buji, ile ya kutia moto ndani yake, imezeeka. Tonton akatafute mupya. Nikifaulu, ufunguo unarudi kwangu.

Jumamosi, 14 Juni
Safari hii hawanipati! Nimejifunza: ya mashine ni ya mashine, ya mutu ni ya mutu. Nimezunguka soko lote. Muuzaji mumoja alitaka kunidanganya na kidude cha chuma, kifupi kama kidole. Nimemucheka. Nimechukua buji za kweli, za nta na utambi, nyeupe, ndefu, kama za ubatizo.
Na kiberiti.