Rufaa kwa Mama wa Kamishna

Kwa Mheshimiwa Mama Mzazi wa Kamishna wa Ligi,
Nyumba yenye geti la bluu,
Nyuma ya mashine ya kusaga unga.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MWANAO WA PILI

Dada yangu mkubwa, shikamoo.

Natumai goti limepungua uvimbe, na kwamba barua hii inakukuta umeketi, maana si barua ya kusomwa kwa kusimama. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Kilichovimba kwangu ni roho.

Katiba ya Ligi, kifungu cha tisa, inasema uamuzi wa Kamishna ni wa mwisho na hakuna mamlaka yoyote juu yake. Kifungu hicho nakijua vizuri kwa sababu kiliandikwa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na mimi ndiye niliyekipigia makofi ya kwanza. Lakini nimekaa siku tatu nikiwaza, nikakiona kina tundu. Kamishna hakujizaa. Kwa hiyo mamlaka ya juu ipo, inakaa kwenye nyumba yenye geti la bluu, na ndiyo naipelekea rufaa hii. Shule niliishia darasa la nne, lakini darasa hilo nililirudia, kwa hiyo wewe lihesabu kama la tano.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanao amenifungia kukanyaga uwanjani mpaka msimu uishe. Msimu unaisha Jumamosi. Jumamosi ni fainali, na ndani ya fainali hiyo imo timu yangu, ambayo nimeimiliki miaka ishirini na miwili bila kufika hata robo. Umri wangu unaujua, maana ulinibeba mgongoni. Nikisubiri fainali nyingine kwa mwendo huo, nitaitazama kutoka chini ya ardhi. Nataka kuketi kwenye benchi langu Jumamosi. Hilo ndilo ombi. Yafuatayo ni malalamiko.

1. Barua ya kunifungia imeandikwa "Kwa Ndugu Mmiliki". Ndugu, dada. Mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Neno "mjomba" halimo hata kwa bahati mbaya, na muhuri umegongwa mara mbili, kama vile mara ya kwanza nisingesikia. Aliileta mwenyewe, akasimama mlangoni mwa duka. Nikamuuliza, "Unaingia kama Kamishna au kama mpwa?" Akajibu, "Leo kama Kamishna, Mjomba." Nikamwambia, "Basi Kamishna abaki nje, mpwa aingie anywe maji." Akabaki nje, kwenye jua, dakika nzima, jasho linamtiririka hadi kwenye tai. Kiburi kile hakikutoka upande wetu. Muulize shemeji.

2. Amri inasema nisionekane ndani ya hatua mia moja kutoka uwanjani. Sasa kutoka kibendera cha kona hadi kwenye cherehani yangu ni hatua tisini na saba. Kila nikikanyaga pedeli, mimi ni mhalifu. Nikaomba ufafanuzi kwa maandishi. Mwanao akamtuma katibu aje kupima, na katibu akaja mikono mitupu, akaazima futi yangu. Kwa hiyo adhabu yangu imepimwa kwa futi yangu, na mimi nimemshikia ncha. Matokeo ya vipimo: cherehani imo ndani ya eneo lililokatazwa, meza ya kukatia imo nje. Maana yake kisheria naruhusiwa kukata nguo lakini siruhusiwi kuzishona. Tangu Jumatatu wateja wanaondoka na vipande. Kuna bwana harusi ana mikono miwili ya koti na hana koti.

3. Sasa kosa ninalosingiziwa. Unajua timu zote kumi za ligi zimevaa kazi ya mikono yangu, kwa sababu fundi mwingine hayupo. Kwenye nusu fainali tulikuwa tunaongoza bao moja, imebaki dakika moja, refa akawapa wapinzani penalti. Mpigaji alikuwa yule fundi magari wanayemwita Trekta, ambaye tangu msimu uanze hajakosa. Trekta akarudi nyuma hatua nane, akaja mbio, akainua mguu, na kaptula ikapasuka kutoka nyuma mpaka mbele kwa mlio ambao hata mimi, niliyezeeka nikipasua vitambaa, nilishtuka. Ikabidi achague kati ya bao na heshima. Akachagua heshima, akajishika kwa mikono miwili, na mpira ukaenda kutua juu ya paa la zahanati. Tukashinda.

Uwanja mzima ulicheka. Mwanao hakucheka. Alishuka kutoka jukwaani, akachukua kipande cha mshono, akakivuta kwa vidole viwili, kikaachia. Akasema mbele za watu, "Mjomba, huu ni uzi wa kushikizia." Labda umesahau: ni ule uzi mwepesi ambao fundi huutumia kushika nguo kwa muda, kabla ya kuipitisha kwenye cherehani. Dada, mwanao aliyajuaje hayo? Aliyajua kwa kuwa alikulia chini ya meza yangu akiokota vifungo. Elimu niliyompa bure ndiyo anayonihukumia.

Utetezi wangu ni huu. Kaptula ile niliipima kabla Trekta hajaoa. Mkewe ni mpishi hodari, na habari hizo hazihitaji shahidi, mtazame tu Trekta akigeuka. Mtu ameongezeka inchi tatu upande wa nyuma, halafu lawama anapewa fundi? Isitoshe, uzi hauna timu. Wachezaji kumi na mmoja walivaa kaptula za fundi yule yule, siku ile ile, na kumi hawakupasukiwa. Ni kweli hao kumi hawapigi penalti, lakini hayo ni mambo ya bahati, na Kamishna hana madaraka juu ya bahati.

4. Kwenye kiti changu ameketishwa kinyozi wa mtaa. Amepewa cheo cha "Mwangalizi wa Muda wa Timu", na muda wenyewe anautumia akiwa ameegemea mto niliojishonea kwa ajili ya mgongo wangu. Jana niliwachungulia mazoezini, nikamsikia nahodha wangu akimwita kinyozi "bosi". Mazoezi yalipoisha nikamwita nahodha dukani, nikamuuliza bosi ni nani. Akakuna kichwa, akasema, "Mzee, wewe ni mmiliki. Yule ni bosi." Miaka ishirini na miwili sikujua kwamba hivyo ni vitu viwili.

5. Naomba mwanao aelezwe nguvu ziko wapi katika ligi hii. Yeye ana muhuri. Mimi nina mkasi. Vibendera vya kona nimeshona mimi. Nyavu za magoli nimeziba matundu mimi. Mkoba wa refa wa kuwekea kadi, mimi. Nikiamua kukusanya kilicho changu, fainali itachezwa na watu ishirini na wawili kama walivyotoka kwa mama zao, na Kamishna atapata kazi ya kutambua yupi ni wa timu ipi. Sijasema nitafanya. Mkubwa ni jalala, huvumilia kila kinachotupwa. Ila hata jalala hujaa.

6. Kutokana na hayo, nakuomba utumie mamlaka yako. Kamishna ana mke na watoto wanne, lakini najua, na mtaa unajua, kwamba kila siku saa saba mchana yuko jikoni kwako na sahani. Kuanzia kesho geti lifungwe. Asionekane ndani ya hatua mia moja kutoka kwenye sufuria. Akiuliza kwa nini, mpe kwa maandishi, na umwandikie "Kwa Ndugu Mlaji". Akikata rufaa, mwambie uamuzi wako ni wa mwisho.

7. Iwapo atashikilia msimamo, napendekeza ukamishna uuchukue wewe. Ulitutuliza sisi wanane ndani ya chumba kimoja, bila filimbi wala kadi, na hakuna aliyewahi kukuandikia malalamiko kabla ya leo.

Dada, nimetania mengi, nawe unanijua. Lakini hili silitanii. Siogopi kufungwa, kufungwa nimezoea. Ninachoogopa ni vijana washinde, na mimi niujue ushindi wao kwa kusikia kelele kupitia dirisha la duka, kama mtu anayesikiliza sherehe ya jirani ambayo hakualikwa.

Nisalimie shemeji, mwambie nimeshasamehe lile la kiburi kama atakuwa upande wangu. Nisalimie wajukuu wote, na yule mkorofi wa mwisho mpige busu mara mbili. Nisalimie jirani yako mwenye kikohozi na binti yake wa benki. Na Kamishna naye nisalimie, lakini kama mpwa tu. Kama Kamishna, hatusalimiani.

Kwa unyenyekevu na kwa uchungu, nabaki kuwa mdogo wako uliyembeba,

Fundi,
Mmiliki wa Timu (Aliyefungiwa).

N.B. Dada, hapa usisome kwa sauti. Ile suti ya kijivu ambayo mkewe Kamishna aliichukua kwangu juzi, ya mumewe kuvaa Jumamosi akikabidhi kombe, asiivae. Niliimalizia jioni ile ile niliyopokea barua yake, na mkono wenye hasira hauchagui uzi. Akipeana mkono na mgeni rasmi, itastahimili. Akipunga kidogo, itastahimili. Akinyanyua kombe juu ya kichwa, makwapa yataondoka, na suruali naomba tusiizungumzie. Rufaa ikikubaliwa, niletewe kesho asubuhi na mapema, nitairudia yote kwa uzi wenyewe na Ijumaa itakuwa tayari. Ikikataliwa, usimwambie kitu. Mwache avae, apendeze.