Chupa Kumi na Mbili za Maji

Jumatatu, 7 Oktoba 2013
Nimepata kazi! Bi Conjesta, mtaalamu wa maji, kanikabidhi chupa kumi na mbili. Nne nijaze kijijini Itaka, nne Ikinga, nne Saza. Anataka kujua maji ya ardhini yanatoka wapi, ndipo wachimbe visima. Jirani yangu Mbonile alijipendekeza, akaambulia patupu. Eti angeenda hata kwa baiskeli. Mjinga!

Jumatano, 9 Oktoba
Saza mbali. Ikinga milima mitupu, tena yuko mama mkwe, atanibebesha ndoo. Maji ni maji! Nimejaza zote hapa Tunduma, bombani uani. Za Saza nimetia chumvi, za Itaka vumbi kidogo. Mke wangu Atupele kauliza mbona nimerudi kabla ya kuondoka. Nimemwambia asiingilie sayansi.

Jumatatu, 4 Novemba
Nimekwisha. Chupa zilipelekwa maabara yenye mashine ya leza. Maji yanageuzwa mvuke, mwali unapita ndani yake, na mwanga unaofyonzwa unaonyesha haidrojeni ya namna gani imo. Kumbe kuna haidrojeni nyepesi na nzito! Maji ya milimani yana kipimo chake, ya bondeni chake. Chumvi haifichi kitu. Nikajitetea kwamba mwaka huu mvua ilinyesha sawasawa kote. Bi Conjesta akanitazama weee.

“Kaka Sadoki, chupa hizi zote zimetoka tumbo moja.”

Jumatano, 6 Novemba
Kazi kapewa Mbonile. Kapita na baiskeli mlangoni kwangu, kengele mara tatu. Shetani!

Kibaya zaidi, uchimbaji wa Ikinga umeahirishwa hadi mwakani. Mama mkwe kaja mwenyewe. Miaka sitini na minane, na maji anayafuata bondeni, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Laiti angenitukana! Alisema tu, “Mkwe wangu, tulikuwa tumeshafyeka njia ya gari la kuchimba.”

Atupele hasemi nami. Sina uso.

Ijumaa, 15 Novemba
Mungu si Athumani! Mzee Luka, mkulima wa kahawa Mbozi, anatafuta mtu wa kukusanya udongo wa mashamba thelathini ukapimwe. Nimemwapia kwa machozi kwamba nimebadilika. Kanipa mifuko.

Mashamba thelathini! Kwa miguu! Nimewaza sana. Udongo si maji. Haidrojeni itoke wapi? Nimeazima jembe. Naanzia nyuma ya choo.