Ukulele wa Shangazi Ernesta

Jumanne, 3 Juni

Mimi ni tajiri. Mali yenyewe bado sijaipata, lakini nimeiona.

Duka limelala. Mashine ya kutolea kopi haijaguswa tangu asubuhi, isipokuwa na nzi. Nikafungua simu. Video: mzee wa Kizungu, kofia kichwani, anamulika tochi ndani ya kigita kidogo cha nyuzi nne. Akataja mwaka. Akataja bei. Mwenye kigita akaanza kulia. Mimi nikasimama.

Kigita kile nakijua! Kinaning'inia sebuleni kwa Shangazi Ernesta, Gonja, kati ya kalenda ya dayosisi na picha ya harusi yake. Miaka kumi na tisa nakula wali chini yake.

Shangazi Ernesta ni shangazi yake mke wangu, Devotha. Mkunga mstaafu, mjane. Amezalisha nusu ya tarafa, na hajawahi kusema uongo, jambo linalofanya mazungumzo naye yawe mafupi.

Devotha sijamwambia. Bado ana uchungu wa kware. Nilifuga kware mia mbili baada ya kusikia kwamba mayai yao yanatibu kila kitu. Hayakutibu kitu.

Jumatano, 4 Juni

Nimesoma. Chombo kinaitwa ukulele. Asili yake visiwa vya Hawaii. Wingi wake nadhani ni kulele, kama ukuta na kuta.

Mtaalamu huanzia kwenye vigingi vya kukazia nyuzi. Vikiwa vya mbao, dalili ya uzee. Vikiwa vya chuma, punguza furaha. Mbao yenyewe iwe ya mti wa kwao, yenye mistari inayometameta kama mgongo wa paka. Halafu unachungulia ndani ya tundu. Humo kuna lebo au chapa ya moto, na hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa. Jambo moja wamelirudia katika kila video: usisugue, usipake vanishi, usibadilishe kitu. Thamani yote iko kwenye uzee. Natamani Devotha angeisikiliza sehemu hiyo kwa manufaa yangu.

Nimehitimu kabla ya chakula cha mchana. Mchana nimechapa cheti cha tathmini chenye mpaka wa maua, na nimechongesha muhuri: T. MSHANA, MTATHMINI WA ALA ZA KALE, SAME.

Nassoro, jirani yangu anayeuza redio na viti vilivyotumika, akaja kuuliza ninagonga nini. Nikagonga tena ili aone. Ulimi ukateleza, nikataja ukulele. Akanisahihisha! Eti husemwa ukelele: mtu mmoja akipiga yowe ni ukelele, wakipiga wengi ni kelele. Huyu mtu hajui hata kwamba hajui.

Ijumaa, 6 Juni

Gonja. Nilimwambia Devotha naenda kumjulia hali shangazi yake. Akafurahi. Akanipa kilo mbili za sukari na kitenge nimpelekee. Nikajisikia vibaya mpaka Kisiwani. Baada ya Kisiwani nikapata usingizi.

Shikamoo, marahaba, chai, ndizi. Nikainua macho ukutani kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nikaomba ruhusa kukishusha. Nikatoa kioo cha poda cha Devotha na tochi ya simu. Vigingi: mbao, vyote vinne. Mistari: paka mtupu. Ndani: chapa ya moto, herufi zimefifia, lakini neno la chini linasomeka. Honolulu.

Nikajifanya nakohoa. Kabla ya mwaka 1920, naapa!

Nikamgeukia Shangazi kwa uso wa msiba. Nikamwambia ni kitu cha Kichina, mbao za kubandika, mwaka 1985 hivi, hakina thamani. Akashangaa kidogo, maana yeye anacho tangu 1976. Nikasema basi 1975. Kisha, ili asibaki na mashaka, nikaongeza kwamba kina dumuzi, wadudu wa kutoboa mbao, na dumuzi hao wakimaliza hapo watahamia kwenye viti, na kutoka kwenye viti hadi kenchi za paa. Nikajitolea kukiondoa bure, kwa upendo.

Akafikiri. Akaomba nimwandikie hayo yote. Mkunga huamini kilichoandikwa. Nikaandika. Nikagonga muhuri mara mbili.

Halafu akasema hawezi kunipa. Mkwe hapewi takataka! Watu watasema nini? Angalau kingekuwa kitu cha maana, akasema, angenifungia saa ileile kwenye kanga.

Nimeshuka na mkungu wa ndizi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mahubiri marefu kuhusu ndimi. Mimi nilikuwa na mtandao.

Nimempata mnunuzi. Anaitwa Nasrin, yuko Moshi, hununua ala za zamani na kuwapelekea wakusanyaji wa nje. Nilimtumia picha tatu nilizopiga Ijumaa, pamoja na tathmini yangu: wa Hawaii, kabla ya 1920. Akajibu kabla ya baraka ya mwisho. Maswali yake ni ya mtu anayejua kazi. Umepasuka? Umewahi kupakwa vanishi? Umekaa karibu na moto? Nikajibu hapana, hapana, hapana. Akauliza ni wa nani. Nikajibu ni wangu, jambo ambalo ni kweli ukiutazama ukoo kwa moyo mpana.

Anakuja Alhamisi! Nina siku nne za kuupata ukulele wangu.

Jumanne, 10 Juni

Nilipata wazo safi. Shangazi hawezi kumpa mkwe takataka. Nassoro si mkwe wa mtu yeyote Gonja. Nikamtuma Nassoro apande kama mnunuzi wa vitu chakavu, anunue kile kigita kwa bei ya kuni. Nilimwambia nataka kumfurahisha binti yangu Maua, ambaye amefunga shule wiki hii. Hakuuliza zaidi. Alitaka nauli na kiti changu cha plastiki, kile chenye mgongo mzuri.

Amerudi jioni na mkungu wa ndizi mkubwa kuliko wangu. Ukulele hana.

Anasema Shangazi alimkaribisha vizuri mno, akamlisha, kisha akakataa katakata kuuza. Alimtolea cheti changu, akamsomea chote. Akasema binadamu hamuuzii mwenzake uchafu, hasa aliyetoka mbali kwa basi. Nassoro akasisitiza, Shangazi akamwombea dua. Nassoro anasema muhuri wangu unavutia sana.

Nikamuuliza kama chombo bado kipo ukutani. Hapana, Shangazi amekihamisha kwa sababu ya wale wadudu. Amekiweka mahali pazuri, pakavu.

Nilimshukuru Mungu. Pakavu! Video zote zinasisitiza pakavu.

Devotha na Maua wanakwenda Gonja kesho, wakamsalimie Shangazi na kulala siku mbili. Vizuri. Nyumba itakuwa na utulivu wa kibiashara.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwa sababu hakuna mtu anayezungumza nami.

Nasrin alifika dukani saa tatu asubuhi. Mwanamke wa makamo, miwani mnyororoni, glavu nyeupe za pamba mkobani. Nikamwambia ukulele nimeuhifadhi ghalani Gonja na kwamba nitamletea wiki ijayo. Akasema gari lina mafuta, twende. Tulipofungua mlango wa gari, Nassoro alikuwa ameshaketi nyuma.

Devotha alikuwa mlangoni kwa Shangazi, anapepeta maharage. Akaniuliza nimekuja na mgeni gani. Nikasema mtafiti. Nasrin akamsalimia kwa adabu, akasema amekuja kuuona ukulele wa mumewe.

"Ukulele wa nani?" akauliza Devotha.

Nikautazama mlima. Ulikuwa na ukungu.

Shangazi Ernesta akatoka, akasikia shida ya mgeni, akatuongoza jikoni. Jikoni! Juu ya mafiga kuna kichanja, na kwenye kichanja yananing'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Katikati ya mahindi, mweusi kama sufuria, ukulele.

Kila Mpare anajua. Mahindi ya mbegu hukaa juu ya moto ili moshi uwafukuze dumuzi. Niliandika dumuzi. Shangazi akatibu dumuzi. Siku sita, alitueleza, asubuhi na jioni, hajakosa.

Nasrin alivaa glavu zake, akaushusha kwa mikono miwili. Ukatoka vipande viwili. Tumbo mkono wa kulia, mgongo mkono wa kushoto. Akatueleza kwa sauti ya msibani kwamba gundi ya zamani ikipata joto huachia, na mbao hukunjika. Akapangusa masizi kwa kidole kimoja, akamulika ile chapa.

"Kabla ya elfu moja mia tisa na ishirini," akasema. "Mzima, huu ni ng'ombe wawili wa maziwa. Sasa hivi ni kuku. Tena asiwe mnono."

Mwaka niliupatia! Hakuna aliyenipongeza.

"Mama, nani alikuambia ukulele una dumuzi?" Nasrin akauliza.

"Mtaalamu," Shangazi akajibu. Akaingia ndani, akarudi na Biblia, akachomoa cheti. Nasrin akakisoma chote kwa sauti, pamoja na muhuri, mara mbili kama ulivyogongwa. Kisha akatoa simu yake, akafungua ujumbe wangu wa Jumapili, akaiweka juu ya kinu kando ya cheti. Hapa Kichina, 1975. Pale Hawaii, kabla ya 1920. Mwandishi mmoja.

Devotha akasoma cheti. Akasoma simu. Akarudia cheti.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba mimi sijui kitu kuhusu vyombo hivi. Ingekuwa aibu, lakini aibu ndogo. Sasa hata ujinga sikuwa nao wa kujifichia.

Nasrin alisema hanunui, na anasikitika. Shangazi akamwambia asisikitike, kwa kuwa yeye hakuwa anauza. Akakaa kwenye kigoda, akasimulia, taratibu, kama anayesoma faili la mgonjwa. Ulikuwa wa nesi mmoja wa Kizungu, Gerda. Walizalisha pamoja miaka kumi na moja, Gerda akiimba ili akina mama wasahau uchungu. Alipoondoka mwaka 1976 alimwachia, akamwambia aje ampe mtoto atakayeimba.

"Nilikuwa namngoja Maua amalize kidato cha nne," akasema Shangazi. Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Baba Maua, Ijumaa ile ulipokishusha nilidhani umekuja kuniomba kwa ajili ya mtoto. Nilishafurahi. Ungeomba tu ningekupa. Lakini ulivyosema ni uchafu, nikaona aibu. Nitampaje mtoto uchafu?"

Maua alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Akaitua. Akatoka nje.

Nassoro akasema taratibu kwamba pengine tungoje garini.

Jumamosi, 14 Juni

Devotha amerudi na vipande viwili vimefungwa kwenye kanga. Ameniwekea mapajani. Nilielewa.

Nikaenda kwa Lukasi seremala. Anatengeneza vitanda na majeneza. Kitu kidogo hivi hajawahi. Akapaka gundi, akaunganisha, akasema hana vibanio vya ukubwa huo, kwa hiyo nishike mwenyewe mpaka ikauke. Nimeshika kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Watu sita wamenisalimia nikiwa nimekumbatia ukulele kwenye benchi la majeneza. Mmoja alinipa pole ya msiba.

Nimempigia Shangazi simu kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya ukurasa mmoja na nusu. Akanikatiza, akasema amesamehe tangu Alhamisi, akauliza kama nimekula.

Ilinichoma zaidi kuliko matusi.

Jumapili, 15 Juni

Mgongo umeshika, umepinda upande mmoja. Nikamkabidhi Maua baada ya ibada. Alipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kwa wageni.

Mchana mzima alikuwa barazani anajaribu nyuzi. Nyumba yote inanuka jiko la Gonja. Jioni alikuwa na wimbo mmoja, sauti tatu tu, akaimba juu yake. Ule ukulele unakoroma kidogo pale ulipopinda. Yeye akaushusha wimbo ili ukae juu ya mkoromo. Wapita njia wawili wakasimama. Nassoro akatoka dukani kwake, akaketi kwenye kiti changu.

"Baba, sikiliza," Maua akasema. Neno la kwanza tangu Alhamisi.

Nikasikiliza hadi mwisho. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kukagua matofali. Yako sawa.

Jumanne, 17 Juni

Nimetafakari kwa siku mbili, kwa unyenyekevu. Mtu mzima lazima ajue alipokosea.

Duka limelala. Nikafungua simu. Video: stempu za posta. Mama mmoja alikuwa na stempu ya enzi za ukoloni iliyochapwa kichwa cha mfalme kikiwa chini juu. Wakamtajia bei, akakaa chini sakafuni!

Mzee Yahaya wa Kisiwani alikuwa karani wa posta miaka thelathini. Ana sanduku la barua chini ya kitanda, kila mtu anajua, hata analalamika kwamba linamzuia kufagia. Namwonea huruma. Kesho nitakwenda kumjulia hali, na kama kuna karatasi za zamani zinazomletea panya nitamsaidia kuziondoa.

Kosa langu la Gonja nimeliona. Sikuvaa tai. Mtu huwezi kuaminiwa na wazee ukiwa shingo wazi.

Nimenunua ya buluu.